Sukari, Uzito na Kisu: Ya Kujua Kabla Hujaweka Sahihi

Kama una kisukari aina ya pili na mwili wako ni mzito, huenda umeshasikia, kutoka kwa shemeji aliyerudi kutoka India au kwenye ukurasa fulani wa Instagram, kwamba kuna operesheni inayomaliza sukari. Usiipuuze habari hiyo, maana si uzushi. Lakini kabla ya kuweka sahihi, jua watafiti waliona nini hasa, kwa watu wa namna gani, na baada ya miaka mingapi. Mwongozo huu haukuambii ufanyiwe wala usifanyiwe. Unakusaidia uingie kwa daktari ukiwa na maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa tabasamu tu.

Tuanzie Greenville, katika jimbo la North Carolina huko Marekani. Daktari mpasuaji Walter Pories na wenzake wa Chuo Kikuu cha East Carolina walikuwa wakiwafanyia watu wanene operesheni ya kutenga sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na kijifuko kidogo kilichoachwa juu. Kilo zilipungua kama walivyotarajia. Kilichowashangaza ni sukari: ilishuka ndani ya siku chache, mgonjwa akiwa bado na uzito karibu ule ule aliolazwa nao. Mwaka 1995 walichapisha hesabu yao. Kati ya wagonjwa 146 wenye kisukari, 121 walikuwa wamerudi kwenye sukari ya kawaida.

Hesabu nzuri, ila ina tundu. Waliofanyiwa hawakulinganishwa kwa kura na watu waliobaki kwenye dawa. Kwa hiyo hili liwe swali lako la kwanza kwa yeyote anayekuletea tiba ya sukari, awe profesa au muuza unga wa majani: ilipimwa kwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na walifuatiliwa kwa muda gani?

Majaribio yanayolijibu swali hilo yapo. Katika Cleveland Clinic, Marekani, Philip Schauer na wenzake waliwagawa kwa kura watu 150 wenye kisukari katika makundi matatu: dawa peke yake, dawa pamoja na operesheni ya kutenga utumbo kama ile ya Greenville, na dawa pamoja na kupunguzwa mfuko wa chakula. Lengo lilikuwa kali: kipimo cha sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c, kishuke hadi asilimia 6.0 au chini yake. Baada ya mwaka mmoja, waliofikia lengo walikuwa asilimia 12 kwenye dawa peke yake, 42 kwa waliotengewa utumbo na 37 kwa waliopunguzwa mfuko. Zisome sasa namba za mwaka wa tano, zilizotoka 2017: asilimia 5, 29 na 23.

Namba hizo zisome mara mbili. Operesheni imeishinda dawa kwa mbali, mwaka wa kwanza na wa tano. Hata hivyo, baada ya miaka mitano walio wengi kati ya waliopasuliwa hawapo kwenye lengo. Anayekuonyesha mwaka wa kwanza peke yake anakuuzia nusu ya habari.

Roma walikwenda mbali zaidi. Geltrude Mingrone na wenzake waliwafuatilia watu 60 kwa miaka 10, na 2021 wakatoa majibu: asilimia 37.5 ya waliofanyiwa operesheni sukari yao ilikuwa bado imetulia, dhidi ya 5.5 ya waliopangiwa dawa. Wale ambao sukari iliwarudia baada ya operesheni hawakurudi walikotoka. Kipimo chao cha miezi mitatu kilikuwa wastani wa 6.7, kiwango ambacho wagonjwa wengi wa kliniki zetu wangekishukuru. Sweden nako, katika utafiti ulioanza 1987, waliopasuliwa wakiwa na kisukari walipata madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva, kwa chini ya nusu ya kiwango cha wenzao ambao hawakupasuliwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Namba ya kwenye mashine ya kupimia hupanda na kushuka. Jicho likishaharibika ni habari nyingine.

Ndiyo maana wataalamu wenyewe hawasemi umepona. Makubaliano yao ya mwaka 2021 yanasema sukari imetulia pale HbA1c inapokuwa chini ya 6.5 kwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari. Anayekuahidi kupona moja kwa moja anaahidi kitu ambacho utafiti haukuahidi.

Kabla ya kisu, chakula

Roy Taylor, profesa wa Newcastle huko Uingereza, aliyatazama majibu ya wapasuaji akajiuliza: huenda sukari inashuka haraka hivi kwa sababu tu mtu amekaa siku kadhaa bila kula? Mwaka 2011 timu yake ikachapisha jaribio dogo la watu 11 waliokula kalori zipatazo 600 kwa siku kwa wiki nane. Ndani ya wiki ya kwanza sukari yao ya asubuhi ilikuwa imefika kiwango cha kawaida. Vipimo vilionyesha mafuta yakipungua kwenye ini, kisha kwenye kongosho. Maelezo yake ni kwamba mwili wa kila mtu una ghala la mafuta chini ya ngozi, na ghala la huyu si kubwa kama la yule. Likijaa, mafuta humwagika kwenye ini na kongosho, viungo visivyopaswa kuyatunza, na hapo ndipo insulini inaposhindwa kazi. Ndiyo maana jirani yako mwenye kilo 120 anaweza asiwe na sukari, na wewe mwenye 85 unayo.

Jaribio kubwa likafuata Scotland na kaskazini mwa England, likiongozwa na Taylor pamoja na Mike Lean wa Glasgow. Washiriki walikuwa 306, wote wakiwa na kisukari cha miaka isiyozidi sita na hakuna anayetumia insulini. Nusu yao walikula kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa vinywaji na supu maalumu, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula taratibu. Baada ya mwaka, sukari ilikuwa imetulia kwa asilimia 46, dhidi ya 4 ya wenzao. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilitulia kwa asilimia 86. Mwaka wa pili ile 46 ilishuka hadi 36, na iliendelea kushuka kadiri kilo zilivyorudi.

Kwa hiyo kama sukari yako ina miaka miwili au mitatu tu, mwombe daktari mjadili njia hii kwanza. Ni ngumu, nisikudanganye: chapati mbili na mchuzi wa nazi zinamaliza zaidi ya nusu ya kalori za siku nzima. Na usijianzishie mwenyewe nyumbani kama unatumia insulini au glibenklamaidi. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala, na mtu aliyekata chakula huku akimeza dozi ya jana anaweza kukutwa asubuhi hajitambui. Metformini peke yake haina hatari hiyo. Zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini, zina hatari yake: mtu akifunga au akijiandaa kwa operesheni zinaweza kuifanya damu ijae asidi hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Kwa kawaida husimamishwa siku tatu au zaidi kabla ya kupasuliwa. Mtajie mpasuaji na mtu wa usingizi kila dawa unayomeza, kwa jina.

Je, wewe ndiye?

Piga hesabu ya BMI. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 98 na urefu wa mita 1.62 anapata kama 37. Kwa miaka mingi mwongozo uliofuatwa ulikuwa wa Marekani wa 1991, uliotaka 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa mwingine unaotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha wapasuaji wa kazi hii na shirikisho lao la kimataifa walishusha kiwango: 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili.

Ila BMI haitoshi kukuamulia. Kinachobashiri zaidi kama sukari itatulia ni umri wa ugonjwa na hali ya kongosho. Mwenye sukari ya miaka mitatu anayemeza vidonge ana matumaini makubwa kuliko mwenye miaka kumi na tano anayejidunga insulini asubuhi na jioni, hata kama wana uzito sawa. Watu wetu hufanya kinyume: kisu kinawekwa akiba hadi kila kitu kingine kishindikane, na kufika hapo kongosho limeshachoka. Omba kipimo cha C-peptaidi, kinachoonyesha kama kongosho bado linatengeneza insulini. Kipimo hicho husaidia pia kumtambua mtu mzima mwenye kisukari aina ya kwanza aliyeandikiwa aina ya pili kimakosa. Huyo operesheni haitamtoa kwenye insulini.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana ukanda huu. HbA1c inasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Kama una selimundu, au umebeba tu vinasaba vyake bila kuumwa, au una upungufu wa damu, kipimo hicho kinaweza kudanganya na kuonyesha namba iliyo chini au juu ya hali halisi. Mwambie daktari, na namba hiyo ilinganishwe na sukari ya kidoleni ya siku kadhaa.

Operesheni gani?

Mtaani zote zinaitwa kukata utumbo. Zinazofanywa zaidi ni mbili. Ya kwanza hukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Ni rahisi kidogo kwa mpasuaji, haigusi utumbo, lakini kilichokatwa hakirudi, na mwenye kiungulia kikali anaweza kuzidiwa. Ya pili ni ile ya Greenville: kijifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula, kinaunganishwa na utumbo mwembamba chini zaidi. Chakula kinapofika huko mapema, utumbo unamwaga kwa wingi homoni zinazoliamsha kongosho na kuzima njaa. Kwa sukari iliyokomaa, na kwa mwenye kiungulia, wataalamu wengi huelekea kwenye hii ya pili. Gharama yake ni upungufu mkubwa zaidi wa vitamini na madini.

Puto linalowekwa tumboni kwa mpira wa kamera, kama inavyofanywa Mloganzila, tawi la Muhimbili, ni jambo tofauti. Hakuna kinachokatwa, na puto hutolewa baada ya miezi kadhaa. Linaweza kukusaidia kupunguza kilo ili uwe salama kwa operesheni nyingine, kwa mfano. Lakini namba zote nilizokutajia hapo juu hazikulipima puto, kwa hiyo usikubali mtu akuambatanishie matokeo ya kisu na bei ya puto.

Na sindano? Semaglutaidi, inayojulikana kwa jina la Ozempic, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 katika wiki 68 kwa watu wasio na kisukari, na karibu asilimia 10 kwa wenye kisukari. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Ni dawa nzuri kwa anayeweza kuilipia mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama imepenya huko, fikiria kuhusu ile unayoletewa na bodaboda bila barafu wala risiti.

Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza utapewa maji, kwa kijiko. Huwezi kugugumia tena. Kikombe kimoja cha supu iliyochujwa kinaweza kukuchukua saa nzima, na utajikuta unatazama saa kati ya funda na funda. Wiki mbili hivi ni vimiminika, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na mwezi wa pili ndipo sahani inaanza kufanana na sahani, ingawa ni ya mtoto. Ugali mgumu na nyama choma ni vya mwisho kabisa kurudi, kwa sababu hukwama. Utatakiwa kula angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Piga hesabu uone ni kazi gani hiyo kwa tumbo la vijiko viwili. Samaki, mayai, maziwa ya mgando na maharage yaliyosagwa viwe mwanzo wa kila mlo, wanga ufuate kama nafasi imebaki. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Juisi ya miwa au soda baada ya kutengewa utumbo inaweza kukutoa jasho, moyo ukienda mbio na tumbo likiharisha, papo hapo mezani.

Waambie watu wa nyumbani mapema. Kwetu mtu akikonda ghafla majirani hunong'ona, na mama mkwe anayekurudishia sahani ya pilau kwa mara ya tatu hana nia mbaya. Akijua kilichofanyika atakuwa mlinzi wako.

Dalili za kukimbilia hospitali usiku huo huo: maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, kupumua kwa shida. Zinaweza kumaanisha mshono unavuja au damu imeganda kwenye mapafu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009, wenye wagonjwa 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3. Ni wachache, ila hizo ni hospitali zilizozoea. Muulize mpasuaji wako amefanya wangapi yeye mwenyewe, na amepoteza wangapi. Anayekasirika kwa swali hilo, ondoka.

Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa kuna hatari ambayo hata baadhi ya wahudumu hawaifikirii. Vitamini B1 huisha haraka mwilini, na ukifika zahanati ukatundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo unaweza kuumia. Beba karatasi iliyoandikwa operesheni uliyofanyiwa, na mwenzako ajue kusema: B1 kwanza.

Hapa ndipo safari ya nje inapohitaji kufikiriwa upya. Delhi na Istanbul wapo wapasuaji hodari, na bei yaweza kuwa nafuu. Swali ni nani atakushika wiki ya tatu ukiwa Tanga au Kisumu unatapika. Kabla ya kukata tiketi, tafuta daktari wa karibu aliyekubali, kwa mdomo wake, kukufuatilia, na urudi na taarifa kamili ya operesheni. Ukikosa daktari huyo, ningekushauri usiende.

Maisha na vidonge

Vitamini utameza maisha yako yote. Ziweke kwenye bajeti kabla ya nauli ya ndege. B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na mchanganyiko wa nyingine, pamoja na vipimo vya damu angalau mara moja kwa mwaka. Kama bado unatumia metformini, B12 inapungua kwa njia mbili, kwa dawa na kwa operesheni. Ganzi ya miguu usiisingizie sukari peke yake. Madini ya chuma yasimezwe pamoja na chai wala kalsiamu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazimeza kama karanga, ziache kabisa baada ya kutengewa utumbo, kwa kuwa huchimba vidonda kwenye maungio. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Pombe itapanda kichwani haraka kuliko zamani.

Kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa: kilo zikipungua mimba huingia kwa urahisi, hata kwa aliyesubiri kwa miaka. Inashauriwa kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya kutengewa utumbo, kwa hiyo kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari miezi kadhaa kabla. Mwaka wa kwanza mara nyingi jibu huwa hapana, kwa sababu maji na protini ya siku haviwezi kuingia kati ya futari na daku kwenye tumbo hilo.

Usiiache kliniki ya kisukari kwa sababu namba zimekuwa nzuri. HbA1c ipimwe kila mwaka hata kama humezi dawa yoyote, pamoja na miguu, figo na macho. Macho yapimwe pia kabla ya operesheni: kama mishipa ya nyuma ya jicho imeshaanza kuharibika, sukari inayoshuka ghafla inaweza kuizidisha kwa muda, na daktari wa macho akijua mapema anaweza kutaka kuitibu kwanza kwa leza, hata ikimaanisha kusogeza tarehe ya upasuaji.